IST ya 2004, redio inaishia 90: nianze na nini?

Swali la msomaji:

"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, nimeinunua kwa mtu hapa Tanga. Redio ni ileile iliyotoka nayo Japani, ya CD na MD, na FM yake inaishia 90. Aliyeniuzia alifunga kile kidude cha kuongeza masafa, lakini vituo vinapandana na sauti ni kama redio iliyofungiwa kabatini. Kijana wa duka la redio za magari ameniambia nitoe kila kitu: nifunge Android ya inchi 9, spika zile za umbo la yai nyuma, amplifaya, na sabufa ya inchi 12. Nina laki sita tu kwa sasa. Nianze na kipi? Na hizo waya zikikatwa hazitaniletea balaa baadaye?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la pesa, maana ndilo linalokunyima usingizi, halafu tuingie kwenye waya.

Kwa laki sita nunua redio ya kawaida yenye Bluetooth na USB, jozi moja ya spika nzuri za milango ya mbele, na plagi za adapta za Toyota. Kitakachobaki kiende kwenye kuziba milango. Sabufa isubiri. Spika za yai za nyuma zisahau kabisa. Na waya wa gari usikatwe hata mmoja. Hilo la mwisho ningekuomba ulishike kuliko jina la redio yoyote, kwa sababu magari mengi yanayoletwa kwangu yakilia vibaya huwa yana vifaa vizuri tu ndani yake. Kilichoharibika ni namna vilivyofungwa.

Kwanza hiyo 90. Redio yako ni nzima. Japani walitenga FM kuanzia 76 hadi 90, na juu ya hapo zilikaa chaneli za televisheni, ya 1 hadi ya 3. Sisi huku tunatumia 87.5 hadi 108. Walipozima televisheni ya analojia mwaka 2011, nafasi ikapatikana na baadaye wakapanda hadi 95, lakini redio yako ilishatengenezwa miaka mingi kabla. Kidude ulichofungiwa hukaa kati ya antena na redio, kikachukua mawimbi na kuyashusha. Vingi hushusha kwa 20. Kwa mfano Capital FM ya Nairobi, inayorusha 98.4, mwenye kidude hicho ataipata kwenye 78.4.

Fanya hesabu sasa. Redio yako ikisoma 76 hadi 90, ukijumlisha 20 unapata 96 hadi 110. Maana yake chochote kilicho kati ya 90 na 96 kimepotea, huwezi kukipata kwa njia yoyote. Halafu kituo cha 108 kinashukia kwenye 88, mahali ambapo kituo cha kweli cha 88 nacho kinapenya chenyewe bila kushushwa. Hapo ndipo unasikia mahubiri ndani ya taarabu. Kuna vidude vinavyoshusha kwa 10 au 12, navyo vina tundu lake mahali pengine. Hakuna cha kurekebisha hapo, ni kubadili redio tu.

Ukibadili, kuna jambo moja dogo linalowasumbua wengi. Redio mpya huuliza upo eneo gani la dunia. Nyingine zinafika dukani zikiwa zimewekwa Marekani, na Marekani vituo hukaa kwenye namba witiri tu: 98.1, 98.3, 98.5. Redio ya namna hiyo itairuka 98.4 kila ikitafuta, na mteja atarudi dukani kusema antena mbovu. Ingia kwenye mipangilio, chagua Ulaya au Asia, basi.

Hiyo MD nayo, yaani MiniDisc, diski ndogo ya muziki, nikuchekeshe kidogo. Sony waliitoa mwaka 1992 na wakaacha kutengeneza mashine zake 2013. Nimetoa redio nyingi sana zenye tundu hilo, sijawahi kukuta diski ndani. Sarafu nimekuta.

Sasa ukubwa. Redio za dukani zinafuata kipimo kilichoanzia Ujerumani: upana milimita 180, kimo 50. Ile tunayoita ya tundu mbili ni 180 kwa 100. Toyota wao waliamua upana wa 200. Kwa hiyo ukiweka redio ya 180 kwenye dashibodi yako itabaki nafasi ya milimita 10 kila upande. Vipo vipande vya plastiki vya kujazia, bei yake ni ya chakula cha mchana, vinunue siku hiyohiyo. Bila hivyo fundi atakujazia kadibodi iliyopakwa rangi nyeusi, nimeyaona. Ukinunua redio nyembamba ya kimo cha 50, nayo ndiyo ningekushauri kwa bajeti yako, chini yake inakaa kisanduku cha kuwekea simu. Usione aibu kukosa skrini. Pesa ya skrini imehamia kwenye sauti.

Redio ya zamani imeshikwa na bolti za spana namba 10, nyuma ya fremu ya plastiki iliyobanwa kwa klipu. Gari lina zaidi ya miaka 20 na plastiki imekauka, kwa hiyo usitumie bisibisi tupu, funga ncha yake kitambaa. Kabla ya hapo toa kichwa cha hasi cha betri. Huna haja ya kuogopa kufungiwa, ila wenye Toyota zenye skrini ya ramani wanaosoma hapa wasikilize: zile ukikata betri zinaweza kuamka zikidai namba ya siri au kadi ya ramani, na bila hiyo hata Bluetooth haifanyi kazi. Wao wasiguse betri kabla ya kujua kadi iko wapi.

Vibano vya chuma vya pembeni vitoke kwenye redio ya zamani viende kwenye mpya. Tumia skrubu fupi zilizokuja na redio. Ukiingiza ndefu inapita hadi ndani, inagusa bodi, na umeua kifaa kabla hakijaimba.

Tufike kwenye waya.

Nyuma ya redio yako kuna plagi mbili nyeupe, moja ina matundu 10 na nyingine 6. Redio mpya inakuja na kifurushi cha waya za rangi. Kijana asiye na subira anakata plagi ya gari, anamenya, anaunga rangi kwa rangi, anazungushia solotepu nyeusi. Na hapo ndipo shetani anapokaa, kwa sababu Toyota na watengenezaji wa redio za dukani hawakukaa kikao kimoja kuhusu rangi.

Kwenye redio ya dukani, njano ni umeme wa kudumu wa betri, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni ethi, yaani waya wa kwenda kwenye chuma cha bodi. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila moja ina mwenzake mwenye mstari mweusi, huyo ndiye hasi. Kwenye Toyota nyingi za umri wa gari lako, umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo ni kijivu, ethi ni kahawia, taa za dashibodi ni kijani. Nyekundu? Ni chanya ya spika ya nyuma kulia. Nyeusi na njano ni spika ya nyuma kushoto.

Soma tena hapo kwenye kijivu. Cha Toyota kinabeba volti 12 ufunguo ukigeuzwa. Cha redio ni mdomo wa amplifaya kuelekea spika ya mbele kulia. Nikiwa kijana karakanani niliunga kijivu kwa kijivu kwenye Noah ya mteja, na umeme wa redio nikauchukua pengine kwa sababu nyekundu ya gari "haikuwa na moto". Niliona ajabu lakini sikujiuliza. Nikageuza ufunguo, redio ikawaka vizuri na taa zake za bluu, nikasimama kuiangalia kama baba aliyepata mtoto. Baada ya muda mfupi ikaja harufu. Ukishaisikia harufu ya IC, ile chipu ya ndani ya redio, inayoungua huisahau, ni kama kitunguu kilichosahauliwa kwenye mafuta. Redio ilikuwa mpya, na ilitoka kwenye mshahara wangu wa miezi miwili.

Ndiyo maana nakuambia ununue plagi za adapta, jike na dume za Toyota za 10 na 6. Kariakoo zinapatikana kwa elfu chache, hata Tanga hazikosi. Waya za redio mpya unaziunga na waya za adapta ukiwa mezani, umekaa kwenye kiti, kwa risasi na mpira wa kusinyaa kwa joto. Ndani ya gari kinachofanyika ni kuchomeka tu. Ukitaka kuuza gari, unachomoa, unarudisha redio ya Kijapani, na hakuna atakayejua ulipita.

Hata adapta usiiamini kwa macho. Chukua multimita, weka kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi. Rudisha kichwa cha betri. Ufunguo ukiwa mfukoni, waya utakaosoma karibu 12 ndio wa kudumu. Geuza ufunguo hadi kwenye alama ya ACC, waya utakaoamka ndio wa ufunguo. Washa taa ndogo, wa taa naye atajitokeza. Kwa spika, chukua betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, gusa waya mbili za spika kwa sekunde moja. Utasikia "tak" kwenye mlango husika, na ukiwa umetoa kava utaona karatasi ya spika ikisukumwa nje. Ikiingia ndani, umegeuza chanya na hasi. Kumbuka hili, maana spika moja ikigeuzwa na nyingine ikabaki sawa, besi yote inapotea hewani na utalaumu spika bure.

Makosa mawili ya waya yamejaa mjini. La kwanza ni kuunga nyekundu na njano za redio pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio haijui kama umeshuka, hailali, na asubuhi gari haliwaki. Ukiona betri inakufa kila baada ya siku mbili tangu ufungiwe redio, anza hapo. Pima: kila kitu kimezimwa, gari limetulia nusu saa, mkondo unaotoka kwenye betri usizidi miliampea 50. Zote mbili zikiungwa kwenye ufunguo, redio inasahau vituo kila ukizima. La pili ni kupeleka hasi ya spika kwenye bodi ya gari ili kuokoa waya. Kwenye redio za sasa waya zote mbili za spika ziko hai. Ukipima ile ya hasi dhidi ya bodi utakuta kama volti 6. Ukiigusisha chuma, redio inajifunga au inakufa.

Halafu kuna zile wati. Kwenye boksi wameandika 50 mara 4. Geuza redio uangalie fyuzi nyuma: 10, labda 15. Ampea 10 mara volti 14 ni wati 140 zinazoingia, na sehemu kubwa ya hizo inageuka joto, ndiyo maana mgongo wa redio una mapezi ya alumini. Zitatokaje 200? Kinachotoka kweli ni wati 17 hadi 22 kwa kila spika. Usisikitike, zinatosha kabisa kwa IST, ila zinakulazimisha uchague spika kwa akili. Puuza "wati 300" iliyoandikwa kwenye boksi la spika. Tafuta namba ya desibeli, inayoonyesha spika inalia kwa nguvu kiasi gani kwa wati uliyoipa. Spika ya 92 inahitaji robo tu ya wati ambazo ya 86 itahitaji ili zilie sawa, kwa kuwa kila desibeli 3 ni kama kuongeza nguvu maradufu. Ile spika nzito yenye sumaku kama sahani, iliyotengenezwa ili isukumwe na amplifaya, kwa redio tupu itakuwa imelala. Chukua ya omu 4, na usikubali kuungiwa spika mbili kwenye mdomo mmoja wa redio.

Mlango sasa. Hapa nivumilie, maana ndiko sauti yako ilipofia.

Shika spika mpya mkononi ikiwa inapiga muziki. Utasikia kama nyuki kwenye kopo. Ibandike kwenye kipande cha kadibodi kilichotobolewa tundu la kipimo chake, besi inatokea hapohapo bila kuongeza chochote. Sababu ni kwamba karatasi ikisukuma hewa mbele, mgongoni inavuta, na hewa ya mbele ikipata njia ya kuzunguka kwenda nyuma zinafutana. Mlango wa gari una matundu makubwa kwenye bati la ndani, ya mkono wa fundi wa kiwandani na ya mashine ya kioo. Toyota waliyafunika kwa nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Kwenye magari yetu nailoni hiyo huwa imechanika tangu mara ya kwanza fundi alipotengeneza kioo, au imetupwa kabisa. Kwa hiyo spika yako imekuwa ile iliyoshikwa mkononi.

Spika ya Toyota imefungwa kwa ribiti kwenye fremu yake ya plastiki. Zitoboe kichwa kwa drili, zisukume, zoa mabaki ya chuma yasiende kwenye sumaku ya spika mpya. Mpya inahitaji pete ya kuiinua, ya plastiki ngumu au ya mbao za MDF. Ukitumia MDF ipake rangi ya mafuta pande zote, na usisahau ukingo wa ndani. Mvua inaingia mlangoni kila siku kupitia mpira wa kioo, ni kawaida, ndiyo maana mlango una matundu ya kutolea maji chini. MDF isiyopakwa inavimba kama andazi. Kati ya pete na bati weka sponji nyembamba ili hewa isipenye.

Kisha ziba yale matundu. Karatasi za butaili, mpira mzito unaonata, zenye alumini juu ndizo sahihi. Kuna wanaotumia utepe wa lami wa kuziba mabati ya nyumba kwa sababu ni rahisi. Gari likishinda juani Tanga mwezi wa pili, lami inateremka, inanuka, na inashika mashine ya kioo. Nimeusafisha mlango wa namna hiyo kwa petroli na kisu siku nzima. Kama butaili haipo kwenye bajeti, nunua nailoni nzito na gundi mpya ya butaili ya kuzungushia pembeni, uirudishe kama kiwandani. Tayari umeshinda magari tisa kati ya kumi. Pesa ikiruhusu, bandika kipande kwenye bati la nje pia, nyuma ya spika. Gonga bati kwa kifundo cha kidole kabla na baada: mwanzo linalia kama debe, baadaye kama ubao.

Na kabla hujarudisha kava, shusha kioo mpaka chini kabisa. Taratibu. Sumaku ya spika mpya mara nyingi ni ndefu kuliko ya kiwandani, na kioo kikiigonga hutajua mpaka siku ya foleni na mvua.

Kuhusu Android ya inchi 9, sina ugomvi nayo. Ninazifunga, na kwa mtu mwenye bajeti ya kutosha ramani na kamera ya nyuma ni msaada. Lakini za bei yako karibu zote zinadanganya kuhusu kumbukumbu, tyuna yake ya FM ni dhaifu, na amplifaya ya ndani ni ya mwisho kufikiriwa. Utabadilisha redio isiyoshika vituo kwa redio nyingine isiyoshika vituo, tofauti itakuwa na YouTube. Ukiamua kuichukua siku moja, iwashe dukani, uichomeke antena, sikiliza FM kabla ya kuangalia picha. Ukute picha inaonekana hadi gari likiwa kwenye mwendo, ujue fundi amepeleka waya wa breki ya mkono kwenye ethi. Mwambie aurudishe panapostahili.

Spika za yai kwa nyuma: IST haina shelfu ya chuma nyuma ya kiti kama Premio. Itabidi uchonge ubao, upoteze nafasi ya mizigo kwenye buti, halafu muziki uje kutoka kisogoni. Wewe dereva unakaa mbele. Spika za milango ya nyuma kama zipo na ni nzima, ziache zilie kidogo kwa ajili ya abiria, na uvute sauti mbele.

Sabufa itakuja, na ikija isiwe ya inchi 12. Ya 8 yenye amplifaya yake ndani, zile bapa za kukaa chini ya kiti, au ya 10 kwenye boksi lililozibwa, inajaza gari hilo. Ndiyo maana nataka redio utakayonunua iwe na yale matundu mekundu na meupe ya RCA nyuma, ya kupelekea sauti kwenye amplifaya ya nje, hata kama leo hayana kazi. Siku hiyo utagawa kazi kwenye hertz 80: chini ya hapo sabufa, juu ya hapo milango, na utashangaa spika za mlango zilivyotulia baada ya kutuliwa mzigo wa besi. Waya mkubwa wa umeme uwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo inalinda gari lisiungue waya ukichubuka njiani, kwa hiyo ikikaa karibu na amplifaya haina faida. Waya huo upite upande mmoja wa gari na RCA upande mwingine, la sivyo utasikia injini ikilia ndani ya spika kila ukikanyaga mafuta. Ethi iwe fupi, kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Na ukinunua waya, mkwangue kidogo kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha kama theluthi mbili tu ya shaba halisi. Nunua basi unene wa juu yake, au dai shaba.

Unapokwenda dukani piga picha ya plagi zile mbili nyuma ya redio na picha ya mlango ukiwa umevuliwa kava. Pima kwa rula kina kutoka bati la ndani hadi kioo kikiwa kimeshushwa. Muuzaji akiuliza wati ngapi unataka, mwonyeshe rula. Na ile ya MD ifunge kwenye kitambaa na bolti zake kwenye mfuko mmoja, uiweke juu ya kabati. Siku ya kuuza gari, mnunuzi akitaka kujua kama waya zimechezewa, utamshushia na kuichomeka mbele yake.